Kifuniko Juu ya Povu

Uthiru, jioni

Mami,

Umeenda kumuaga cucu, nyanya yako. Nyumba imebaki na mimi, mama yako aliye jikoni, na sanduku lako lililoachwa wazi kitandani. Nimeona nikuandikie kabla hujarudi, maana ukirudi nitaanza porojo tu, unanijua. Leo nimezunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutaga. Asubuhi nilienda dukani kununua maziwa nikarudi na kiberiti. Mwenye duka akaniuliza, "Baba Njeri, kwani ni wewe unasafiri ama ni msichana?" Nikamwambia ni sisi wote. Akacheka, lakini mimi sikuwa natania.

Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya kutoongea ovyo na watu njiani sitayagusa. Shangazi yako aliyamaliza yote Jumapili, hata ya soksi. Mimi nataka kwanza niandike sentensi moja ili niione kwa macho: kesho binti yangu anaenda Ujerumani kusomea bia. Haya, nimeiona. Mtoto aliyeanza kwa kuosha chupa kwenye karai nyuma ya nyumba, mikono imekunjamana kwa sabuni, anaenda kuketi darasani na watu ambao babu za babu zao walikuwa wapika bia. Nikiwaza hivyo nashindwa kukaa kwenye kiti.

Lakini kuna jambo moja, na wewe unalijua. Tangu barua ya chuo ifike, mama yako hajasema neno lolote kuhusu safari hii. Si zuri, si baya. Anakupikia, anakupigia nguo pasi, anakuuliza kama umekula. Ukitaja Ujerumani, anafunika sufuria na kwenda kuangalia kuku. Jana nilikusikia ukimwambia cucu kwenye simu kwamba unaweza kwenda bila sweta na hata bila pesa, lakini hujui utaendaje bila baraka ya mama yako. Nilikuwa mlangoni. Nilirudi nyuma polepole nikaenda kusimama kwenye migomba, nikaona aibu. Kosa hilo si lako. Si la mama yako pia. Ni langu, na nataka nikueleze lilivyoanza, kwa sababu wewe ulilikuta katikati.

Babu yako, baba yake mama, alikuwa fundi wa muratina kule Ndeiya. Watu walitoka mbali kumwita awapikie pombe ya asali ikiwa kuna sherehe. Siku niliyopeleka mahari, wazee wangu walibeba pombe kama desturi inavyotaka, na nusu yake naamini alikuwa ameipika yeye mwenyewe, maana hakuna aliyethubutu kumpelekea ya mtu mwingine. Akaimimina kwenye pembe. Kisha, kabla mtu yeyote hajaonja, akamwita mama yako, akamsimamisha mbele ya watu wote. "Wambui, pombe hii imeletwa na hawa watu. Tuinywe?" Ndiyo desturi yetu. Msichana akisema hapana, pombe inamwagwa na wageni wanarudi kwao. Mama yako hakujibu. Alinitazama tu, kutoka viatu mpaka nywele. Mjomba wangu akaanza kukohoa. Jasho lilinitoka mpaka shati likanishika mgongoni. Halafu akasema, "Inyweni." Sijawahi kusikia neno tamu kama lile, na nilipaswa kulikumbuka vizuri zaidi.

Kupika bia nilianza kwa wivu. Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka mingi kwenye ile baa ya Westlands, kule chini stoo, nikibadilisha mapipa. Wahudumu wako juu na tai zao, mimi niko chini na mitungi ya gesi. Bia nimeisafishia mipira, nimeifungulia njia, nimeisikia ikipanda kwenda kwa wenyewe. Mzungu mwenye baa alikuwa anapika yake nyumbani kwa kujifurahisha, na siku moja akanionjesha. Mami, nilirudi Uthiru sisikii miguu. Nikajiambia, kama huyu anaweza kwa sufuria ya jikoni, mimi mkwe wa fundi wa muratina nashindwa na nini? Nikamwomba hopsi, yale maua machungu. Nikaotesha shayiri kwenye gunia, nikaianika juu ya mabati, nikapigana na ndege, nikapika. Kibali cha chifu sikuomba. Mama yako pia sikumwomba, na huo ndio mzizi wa fitina.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na baridi ya Uthiru unaijua. Bia ikishatiwa kwenye chupa na sukari kidogo inataka joto ili ichangamke. Mahali penye joto kwetu palikuwa sebuleni karibu na jiko. Nikazipanga chupa chini ya kochi kubwa, nikashusha kitambaa cha kochi mpaka sakafuni. Na ile sukari niliipima kwa jicho. Nilitia kama mtu anayewawekea wageni chai: kijiko kimoja, halafu cha pili kwa heshima. Nani kwetu humwekea mgeni kijiko kimoja?

Alhamisi akina mama wa kanisa wakaja kwa maombi, kila mmoja na kitambaa chake cheupe kichwani. Wewe ulikuwa unapitisha chai, kwa hivyo mengine unayakumbuka kuliko mimi. Mwenyekiti wao alikuwa amekalia lile kochi, amefumba macho, anaomba moto ushuke juu ya nyumba hii. Ukashuka. Chupa ya kwanza ililia chini yake kama tairi ya lori. Wakanyamaza, nadhani walikuwa wanangoja ufunuo. Ya pili na ya tatu zikafuatana, na mwenyekiti akapita mlangoni na kiatu kimoja. Povu likatoka chini ya kochi taratibu, likatambaa juu ya zulia mpaka kwenye miguu ya waliobaki. Na harufu ile hakuna Mkristo asiyeijua.

Niliingia mbio kutoka nyuma ya nyumba. Badala ya kuomba msamaha, nikasema ni soda. Nilisimama mbele ya wanawake wote wa kanisa nikasema ni soda ya tangawizi. Mama yako alikuwa na tambara mkononi, ameinama, anapangusa. Akainuka akanitazama.

"Baba Njeri," akasema polepole, "mimi nimezaliwa kwa mpika muratina. Usinifundishe harufu."

Mimi na wewe tumeicheka hadithi hii miaka yote, mpaka tumeiongezea chumvi. Mama yako hajawahi kuicheka. Maombi hayakurudi kwetu kwa muda mrefu sana. Alikuwa anabeba mandazi yake kwenda kwa nyumba za wenzake, na nimesikia alikuwa anakaa karibu na mlango. Mimi nikajiambia amekasirikia pombe, na kwa kuwa pombe nilikuwa siiachi, nikaona basi hakuna la kufanya. Nikawa naipika mbali na macho yake, na nikakuingiza wewe kwenye siri hiyo.

Maana wewe, asubuhi iliyofuata, ulikuwa unaokota vigae vya chupa na kuvitia kwenye ndoo. Kila mtu alikuwa ameuliza ni nani. Wewe ukauliza, "Baba, lakini kwa nini zimepasuka?" Nilifungua mdomo nijibu nikagundua sijui. Mtu mzima, miaka yote hiyo kwenye stoo ya bia, na sijui. Siku ya pili ukaniletea jibu kutoka saiba, kwenye intaneti, umeliandika nyuma ya daftari la Kemia: bia ilikuwa haijamaliza kuchacha, na mimi nikaiongezea chakula na kuifungia mlango. Nilikutazama nikajua huyu hatakuwa karani. Nilifurahi mpaka nikakununulia chipsi.

Ndipo tukahamia kwenye pipa. Lile la chuma, lililobonyea ubavuni, ambalo baa ilikuwa inalitupa. Pipani bia inamaliza hasira zake yenyewe, gesi unaipima kwa kipimo chake na si kwa kijiko, na ikiwa tayari ndipo unaihamishia kwenye chupa. Nilidhani shida zimeisha. Kumbe kuhama nyumba si kuhama tabia. Nikawa nafungua bomba la pipa kwa nguvu, bia vuguvugu, chupa inajaa povu tupu. Mimi nangoja povu litulie. Likitulia naongeza. Linapanda tena, nangoja tena. Mikono yangu ilikuwa imezoea baa, na kwenye baa mteja akiona glasi haijajaa ni kelele. Nikifunga, chupa zote ziko sawasawa, mstari mmoja, ungedhani ni gwaride. Wiki chache baadaye ladha yake ni kama umelamba katoni iliyonyeshewa. Wenzangu kazini walikuwa wanasema, "Iko sawa, mzee," wakiacha nusu glasi.

Wewe ndiye uliyeniponya, mwaka jana, nyuma ya bucha ya Mutuku kule Hurlingham. Sijui kama unajua ile siku ilikuwa nini kwangu. Pipa letu lilikuwa limelala kwenye chumba chake cha baridi, na Mutuku kama kawaida yake Mkamba yule, hawezi kukupa kitu bila kukutania.

"Baba Njeri, hii kitu yako imekaa na mbuzi zangu muda. Ikianza kulewesha wateja, nitasema ni wewe."

"Mbuzi zako zimekufa, Mutuku. Zitalewa namna gani?"

"Wewe hujui mbuzi ya Machakos."

Wewe hukuwa unatusikiliza. Ulikuwa umezitia chupa kwenye barafu, umepunguza gesi mpaka ikawa inanong'ona tu, umeshusha mpira mpaka chini kabisa ya chupa. Bia ikapanda kimya, nyeusi, bila fujo. Ukachomoa mpira na povu likaja juu likaanza kumwagika kwenye vidole vyako. Mimi nikashika chupa niiweke kando ingoje.

"Zii, Baba. Usingoje. Funga sasa hivi."

"Lakini inamwagika, Mami. Angalia, haijajaa vizuri."

"Wacha imwagike. Hapo juu povu imejaza kila mahali, hewa itaingilia wapi? Ukingoja itulie, hewa inaingia. Hewa ndiyo inaiua."

Ukaweka kifuniko juu ya povu lenyewe, ukabana mkono wa mashine, tak. Ukaipangusa na aproni ya Mutuku. Mutuku akasema, "Huyu atakuja kutuajiri sisi wote." Nilienda nje nikajifanya natafuta matatu, lakini nilikuwa nataka tu kutembea.

Nikawa najikumbuka. Kabla hujazaliwa, yule mzungu alitaka kunipeleka Kampala nikajifunze kazi ya kupika bia kwa kiwanda cha rafiki yake. Nilitaka kwenda mpaka nilikuwa silali. Lakini nikasema kwanza tuezeke nyumba. Tukaezeka. Nikasema kwanza ng'ombe azae. Akazaa. Kisha ukazaliwa wewe, nikasema kwanza mtoto aachishwe kunyonya. Kila kitu kilikuwa na sababu nzuri, na sababu zote nilizisema mimi. Akaenda kijana mwingine wa stoo. Mzungu hakunikasirikia, aliacha tu kulitaja. Sikulii juu ya hilo, nimekuwa na maisha mazuri na wewe umo ndani yake. Ila ile hamu niliyokuwa nayo, ya kukosa usingizi, haikurudi tena mpaka nilipokuona unabana kile kifuniko.

Na bado sikujifunza. Barua yako ilipofika, ulikuja mbio kutoka posta umeiinua juu, na neno la kwanza lililonitoka ni lipi? "Tungoje kwanza mama yako atulie." Uliniangalia. Ukasema, "Baba, funga juu ya povu," ukapita ukaenda kunywa maji. Nilikasirika kama robo saa hivi, halafu nikacheka peke yangu mpaka mbwa akanishangaa.

Lakini sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipotaka kufika.

Muda mfupi baada ya wewe kutoka, mama yako aliingia chumbani. Mimi nilikuwa nafunga zile chupa mbili tulizojaza Jumamosi, moja ya mwalimu wako huko na moja yako. Nilikuwa nazifunga na gazeti. Sikuwa na nafasi ya kuzificha. Nikajua leo zinatupwa nje ya dirisha, na safari hii sikuwa na soda ya kusingizia. Kibali cha chifu nilikuwa nimeshakipata, lakini utamwonyesha mama yako kibali cha chifu?

Akachukua chupa moja. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipindua kichwa chini, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kifuniko, akakinusa kile kidole. Mami, nilimwona babu yako wa Ndeiya amesimama mle chumbani.

"Ni wewe umekifunga hiki kifuniko?" akauliza.

"Ni Njeri."

"Nilijua si wewe. Haivuji." Akaigeuza tena. "Na umeifunga na gazeti ipande ndege? Vitu vyako vyote hupasuka, Baba Njeri."

Nikaliacha gazeti sandukuni. Akakaa kitandani karibu na sanduku, chupa mapajani. Tukakaa hivyo mpaka nikasikia ugali unaungua jikoni na yeye hajali, ndipo nikajua ni jambo kubwa.

"Siku ile kwa baba," akasema, "mtu mzima na mvi zake, mpika pombe maarufu, aliniita mimi msichana akaniuliza kama inywewe. Hakumimina mpaka nijibu. Wewe ukapika chini ya kochi langu. Ukapika nyuma ya nyumba yangu, ukapika bucha kwa Mutuku, ukamfundisha mtoto wangu, ukamtafutia chuo. Miaka yote hii, kuna siku mmoja wenu aliniuliza?"

Hakuna, Mami. Hakuna hata siku moja. Nilidhani amekasirikia pombe. Binti wa muratina akasirikie pombe? Alikuwa anangoja kuulizwa, na mimi nikafunga mlango na kuita huko kumheshimu. Hilo ndilo kosa langu lote, na mengine yote ni kelele za chupa.

Nikapiga magoti. Usicheke, magoti yangu unayajua. Nikachukua ile chupa nikaishika kwa mikono miwili kama pembe. Sikumwita Mama Njeri. Nikamwita kwa jina lake.

"Wambui, pombe hii imeletwa na mtoto wetu. Tuinywe?"

Hakujibu. Akanitazama kutoka viatu mpaka nywele, na nywele zenyewe zimebaki chache. Nikaanza kukohoa mimi mwenyewe, maana mjomba alishakufa. Jasho likanitoka vilevile kama siku ile.

"Inyweni," akasema. "Lakini si kwa nyumba yangu."

Akafuta macho akaenda kuokoa ugali. Mimi nikabaki sakafuni nikicheka na kulia pamoja, na kuinuka ikawa kazi.

Basi hiyo baraka unayo, na hukuipata kwa huruma ya kuagana. Umeipata kwa kifuniko ulichobana mwenyewe. Kesho atakuja uwanja wa ndege. Atajifanya amekuja kwa sababu mimi sijui kuongea na watu wa mizigo. Usimwambie nimekuandikia. Muulize tu kama uende, kwa mdomo wako, kabla hujapita kule ndani. Atakunyamazia kidogo. Usiogope na usikohoe, hivyo ndivyo anavyojibu.

Huko uendako utajua mambo mengi nisiyoyajua, na ninayangoja kama mtoto anavyongoja Krismasi. Niandikie kila kitu, shayiri yao inanukaje, maji yao yana ladha gani, wanavunja chupa ngapi. Usiniandikie kwamba umetulia. Mtu akikuambia tulia kwanza, mwambie babako alitulia.

Nasikia lango, nadhani ni wewe. Kwa haraka basi: nilipofika sandukuni kumalizia kufunga, nilikuta gazeti langu limetupwa kando. Chupa ya mwalimu imefungwa na taulo. Yako imefungwa na kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha kanisa, kimekunjwa vizuri na kufundikwa fundo. Nimemuuliza mama yako atavaa nini Alhamisi. Amesema ataazima.

Bia ni yako, lakini kitambaa ni chake. Amesema usikitume kwa posta wala kwa mtu. Ukirudishe mwenyewe.

Ni mimi, baba yako, mtu wa stoo